Nilivyojenga EJ25 turbo kwa vipuri vya marehemu fundi wa Kaniha

Wakuu, amani kwenu wote wa jukwaa la magari.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Nina miaka sita humu, na nikihesabu michango yangu, mingi ni "asante mkuu". Leo nimekaa kuandika kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani na hapa nilipo sina wa kumsimulia.

Ninayoandika yametokea. Majina ya watu nimebadili. Ya vipuri sijabadili, kwa hiyo wataalamu mkiona nimekosea mnisahihishe.

Kwanza mnijue kidogo.

Ni fundi wa minara ya simu. Kazi yangu ni jenereta, betri na sola za minara iliyo vilimani huku Ngara na Biharamulo. Leo Keza, kesho Bukiriro, wiki ijayo kule Kaniha. Napanda mlima, nasalimiana na mlinzi, nabadili filta, nasaini kitabu, nashuka. Kuna wiki sauti niliyoisikia kuliko zote ni ya jenereta.

Ngara mjini nimepanga nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Natumia chumba kimoja.

Mke wangu, nitamwita Mama Gloria, ni muuguzi. Alihamishiwa Mwanza akaenda na mabinti zetu wawili. Mpango ulikuwa nifuate. Sikufuata. Kila mwezi nilikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli, ndiyo ubaya wake. Mwanzoni tulikuwa tunapigiana simu kila siku. Baadaye kila wiki. Mwisho yakabaki mazungumzo ya ada, homa, "umekula?", "haya, siku njema".

Nisiwafiche. Hata alipokuwa nyumbani, mimi nilikuwa simo. Nikitoka kazini naingia chini ya gari. Nikitoka chini ya gari naingia humu jukwaani.

Sasa gari yenyewe.

Ni Forester, injini EJ20 turbo, lita mbili. Wenye nayo wanaijua raha yake. Ila kwa huku kwetu ina shida moja: milima. Ukianza kupanda na mizunguko ya injini ikiwa chini, turbo inakuwa bado imelala. Unakanyaga, unasubiri, na lori la nyuma linakupigia honi. Ikija kuamka, kilima kimeisha.

Siku moja natoka Benaco narudi Ngara, katikati ya mwinuko nikasikia tok tok tok. Nikajua. Beringi ya konrodi imekwisha. Kosa langu mwenyewe: oil nilikuwa nimepitisha muda wake, na gari nilikuwa nimeikimbiza tangu asubuhi. Nilizima, nikakaa pembeni ya barabara kama saa mbili, nikitafuta kwenye simu jina la mtu wa kumpigia aje anivute.

Wakuu, nilipitisha majina yote, A mpaka Z. Wateja, walinzi, ofisi, wauza vipuri. Mtu wa kumwambia tu "njoo, nimekwama" sikumpata. Mwishowe nikasimamisha lori, dereva Mrundi mmoja muungwana akanivuta mpaka mjini na wala hakutaka kitu.

Ndipo nikaamua: sirudishii injini ya lita mbili. Najenga kubwa.

Kwa wasiojua, kuna njia ambayo wengi humu mmeifanya. Unachukua bloku ya EJ25, yaani ile sehemu ya chini ya injini ya lita mbili na nusu, halafu juu yake unafunga hedi zako za EJ20 zenye turbo. Matundu ya silinda ni mapana zaidi, kwa hiyo injini ina nguvu hata kabla turbo haijaamka. Kwa milima ya Ngara hiyo ndiyo dawa.

Kusema ni rahisi. Kuchagua vipuri ndiyo shughuli.

Nikaanza kusoma. Miezi minne. Nilinunua daftari, nikaandika kila kitu: pistoni, ringi, beringi, pampu ya oil, gasketi, bolti za hedi, noseli kubwa za kumwaga mafuta ya kutosha. Nikawa nawapigia wauza vipuri wa Dar na Arusha kila baada ya kazi. Kuna jamaa mmoja wa Dar nilikuwa nampigia kumuuliza kipuri ambacho jana yake aliniambia hana. Yeye akidhani nasahau. Sikuwa nasahau. Ni kwamba alikuwa na maneno mengi na kicheko kizuri, na nikikata simu ile nyumba inarudi kuwa kimya.

Bloku ndiyo iliyonishinda kupata. Zote nilizotumiwa picha ama zimepasuka, ama kuta za silinda zimekwaruzika.

Siku moja niko mnarani Kaniha, nikamlalamikia mlinzi, mzee Masanja. Ni Msukuma, walihamia huku zamani na ng'ombe zao. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Kuna mama hapa chini, mumewe alikuwa fundi. Alifariki. Lakini ndani mwake kuna machuma mpaka chini ya kitanda. Nenda kamuulize. Ila usiende na haraka zako za mjini."

Nikaenda.

Mama Kulwa nilimkuta anaanika mahindi. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, anaongea taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni yule wa mnara?"

"Ndiyo mama. Nimesikia marehemu mzee aliacha bloku ya injini. Nimekuja kuuliza kama unauza."

"Siuzi," alisema, akaendelea kutandaza mahindi.

Nikaomba radhi, nikageuka.

"Mbona unaondoka? Nimesema siuzi, sijasema usikae."

Akanikaribisha ndani. Kwenye kona ya sebule kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Akalifunua.

Wakuu, nilisahau hata kuvuta pumzi.

Bloku ya EJ25, imepakwa oil isishike kutu, imefungwa nailoni kama mtoto aliyeogeshwa. Pembeni kasha la pistoni za kufuliwa, yaani forged, zile ngumu za kuhimili turbo. Turbo mbili, moja ndogo na moja kubwa kama chungu. Noseli. Bolti. Beringi bado zipo kwenye karatasi zake. Yule fundi alikuwa anajenga injini ileile niliyokuwa naiota mimi, hapa Kaniha, na mimi nimepita juu yake mlimani miaka yote hiyo.

"Miaka tisa," Mama Kulwa akasema. "Akipata kidogo ananunua kimoja. Mara presha ikampiga, akaondoka. Wamekuja watu wa vyuma chakavu, nimewafukuza. Siwezi kuuza kitu nisichokijua. Kaa hapo uniambie. Hiki ni nini?"

Alikuwa ameshika konrodi.

Nikamweleza. Nikamwambia pistoni ni kama mchi, inapanda na kushuka ndani ya silinda, na silinda ni kinu. Konrodi ni mkono unaoshika huo mchi. Krenki ni kile kinachogeuza kupanda na kushuka kuwa kuzunguka, mpaka tairi linazunguka.

"Haya. Na hiki?"

Turbo. Nikamwambia ni feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe, inasukuma hewa ndani kwa nguvu. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi.

"Kwa hiyo moshi unaotoka ndio unaoingiza hewa?"

"Ndiyo mama, hewa safi lakini. Moshi unazungusha tu."

Aliigeuzageuza ile turbo mkononi. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo ninayasikia.

"Miaka tisa vitu hivi vimekaa sebuleni kwangu. Nikimuuliza, ananiambia, 'Mama Kulwa, wewe huwezi kuelewa haya.' Mbona nimeelewa?"

Niliangalia chini.

Nilirudi Kaniha mara tatu. Kila nikija kukagua mnara nashuka kwake, naye anatoa kitu kingine. Kuna daftari la mumewe pia, mwandiko mdogo, vipimo vya kila silinda. Tulilisoma pamoja. Hapo ndipo nilipoielewa hesabu yake ya pistoni.

Ngoja niwaeleze, maana ni muhimu kwa mnaotaka kujenga.

Bloku ilitoka kwenye gari isiyo na turbo. Pistoni zake za mwanzo juu ni kama tambarare. Ukifunga hedi za EJ20, ambazo chumba chake cha kuchomea mafuta ni kidogo, halafu ukaweka turbo, mgandamizo unakuwa mkubwa mno. Mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, pistoni inavunjika. Ndiyo maana marehemu alinunua pistoni za kufuliwa zenye bakuli juu. Bakuli linapunguza mgandamizo. Ila zilikuwa kubwa kidogo kuliko silinda, kwa hiyo bloku lazima ichongwe. Na mashine ya kuchonga vizuri hakuipata huku. Hapo ndipo alipokwama.

Mimi nilikuwa nataka njia ya mkato: nifunge pistoni za zamani, nisichonge, nipunguze tu nguvu za turbo. Wako humu walionishauri hivyo. Nilipoliona lile daftari niliona aibu.

Mara ya tatu nilikwenda na gasketi mpya ya hedi niliyoagiza. Nilikuwa nimefurahi, nikaitoa kumwonyesha Mama Kulwa. Nikamwambia hii ndiyo inakaa kati ya bloku na hedi, inazuia moto na maji visichanganyike.

Akaichukua. Akainama, akailaza juu ya bloku. Akaangalia. Akaigeuza, akailaza tena.

"Mwanangu, mbona duara la hiki ni dogo kuliko shimo?"

Nikasogea.

Kweli. Ukingo wa gasketi ulikuwa umeingia ndani ya silinda pande zote. Niliagiza ya EJ20 kwa sababu hedi zangu ni za EJ20. Mimi, fundi, nimesoma miezi minne, daftari limejaa, sikufikiria kwamba silinda ndiyo inayoamua. Ningeifunga, ukingo ule ungeungua siku ya kwanza, na injini yote kwisha.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikunja mikono, akasema polepole:

"Naona hata yeye ningemsaidia."

Siku hiyo aliniambia nichukue vyote. Bei tulielewana kwa maneno mawili, sina haja ya kuieleza. Sharti lilikuwa moja: ikiwaka, niilete aisikie.

Kuchonga bloku ilibidi niende Mwanza.

Mnaona palipo na mwiba. Mwanza kuna mashine, na Mwanza kuna mke wangu.

Nilipanda basi Biharamulo, bloku imefungwa kwenye viroba viwili, iko kwenye buti la basi. Kondakta akaniuliza kama ni mashine ya kusaga. Nikamwambia ndiyo, maana kueleza kulinichosha. Nilipofika, nikaipeleka karakana, fundi akapima pistoni, akasema njoo baada ya siku tatu.

Na mimi, wakuu, nikaenda kupanga gesti.

Sikumpigia mke wangu. Nilikuwa mji mmoja na watoto wangu, nikanunua chapati na maharage, nikala peke yangu nimekaa kitandani. Sijui niwaelezeje. Sikuwa na ugomvi naye. Nilikuwa naogopa kufika mlangoni halafu nisijue la kusema. Siku ya pili mchana ndipo nilipopiga.

"Uko wapi? Mbona nasikia magari mengi?"

"Niko Mwanza."

"Mwanza? Tangu lini?"

"Jana."

Akarudia, "Jana," taratibu tu, kama mtu anayeandika kitu asikisahau.

"Umekuja kutuona, au umeleta kitu?"

Nikamwambia ukweli. "Nimeleta injini."

"Haya. Watoto wanatoka shule saa tisa. Njoo ule."

Nilifika. Nyumba nzuri, safi, mapazia siyafahamu, viatu vya watoto sifahamu ukubwa wake. Gloria amerefuka. Mdogo wake alinisalimia shikamoo kama anavyomsalimia mgeni, akarudi kwenye daftari lake.

Tukala ugali na sato. Gloria ndiye aliyeuliza, "Baba, injini umeileta ya nini?"

Nilifungua mdomo kusema "mambo ya magari tu". Ndilo jibu langu la miaka yote. Nikamkumbuka Mama Kulwa na konrodi yake mkononi.

Nikachukua glasi. Nikamwambia hii ni silinda. Nikachukua kifuniko cha chupa, nikasema hii ni pistoni. Nikaeleza mpaka kwenye turbo, nikapuliza hewa kwenye glasi, mdogo akacheka, akaja na yeye kupuliza. Nikaeleza kwa nini bloku inachongwa, kwa nini kuna bakuli. Mama Gloria alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, kitambaa mkononi, anasikiliza. Hakukatiza hata mara moja.

Nilipomaliza akasema:

"Baba Gloria, miaka kumi na moja ya ndoa. Leo ndiyo umenieleza ulikuwa unafanya nini kule nje."

"Nilidhani hutapenda. Nilidhani utaona..."

"Uliniuliza?"

Sikumuuliza. Hata siku moja.

"Nilikuwa nakaa dirishani naona miguu yako imetoka chini ya gari," akasema. "Mtu mzima nimeolewa na miguu."

Gloria akacheka. Mama yake naye akacheka kidogo, kisha akaacha. Akaanza kukusanya sahani.

Saa moja jioni akaniuliza ninalala wapi. Nikasema gesti. Nilingoja. Nikahesabu moyoni, nikijua kuna sentensi ambayo ikitoka sasa, mambo yatakuwa mengine.

"Haya," akasema. "Kesho njoo mapema uwapeleke watoto shule. Watafurahi."

Nilitembea kwa miguu kurudi gesti. Sikutaka bodaboda, nilitaka njia iwe ndefu.

Bloku ilikwisha, nikarudi nayo Ngara. Nikaanza kuunga.

Kwa wanaotaka mambo ya kiufundi: krenki nilitumia ileile ya EJ25, ilikuwa salama, nikafunga beringi mpya za marehemu. Konrodi zilezile. Pistoni zake za kufuliwa, ringi mpya. Pampu ya oil mpya, hapo msibane, maana oil ndiyo iliyoniua mara ya kwanza. Gasketi ya EJ25 ya chuma, safari hii niliilaza juu ya bloku kwanza. Noseli kubwa. Ubongo wa gari alikuja kuupanga upya jamaa kutoka Mwanza na kompyuta yake, siku mbili tunazunguka naye barabarani akisoma namba. Msijenge injini hii mkaacha programu ya zamani. Itakosa mafuta, itaungua.

Kwenye turbo nilihangaika. Ile kubwa ilikuwa inaniita. Humu jukwaani mngeniheshimu kwa ile kubwa. Nilikaa nayo mezani wiki nzima, mara naishika, mara naiweka. Kisha nikajiuliza, kubwa inaamka baada ya mizunguko elfu nne na kitu. Barabara gani ya huku utafika huko? Kona, kilima, ng'ombe, shimo, baiskeli ya ndizi. Nikafunga ndogo.

Ilipowaka mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi mchana. Ikashika. Ikatulia. Ule mlio wa kukoroma, wenye nayo mnaujua. Nilisimama pale uani mikono imejaa grisi, natabasamu, nikageuka kumtazama mtu.

Uani hapakuwa na mtu. Kuku wa jirani tu.

Wakuu, hiyo nusu dakika ilikuwa mbaya kuliko zile saa mbili za barabarani. Miezi yote nilikuwa nimejaza maisha yangu na kutafuta. Sasa nimepata, na sina kipuri cha kumuulizia mtu.

Nikairekodi sauti, nikamtumia Mama Gloria. Akajibu baada ya saa kama mbili: "Hongera. Ile pistoni ya bakuli inafanya kazi?"

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Hakuweka maua wala moyo. Ila ameandika pistoni ya bakuli.

Nikamaliza kilomita za kuilainisha injini, taratibu, bila kuikamua, nikamwaga oil ya kuanzia. Ndipo nikaenda Kaniha.

Mama Kulwa aliusikia mlio kabla sijafika. Nilimkuta amesimama barabarani, kitenge kipya, viatu vya kanisani.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo mama. Panda."

Alikaa mbele, nikamfunga mkanda. Tukatoka mpaka kwenye lami. Nilipopata pamenyooka nikakanyaga. Turbo ikalia mluzi, gari ikachomoka. Alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

"Yesu wangu! Polepole!"

Nikaachia.

"Hapana," akasema. "Tena."

Nikarudia. Mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja. Kisha akaniomba nisimame.

Akashuka, akaenda mbele. "Fungua."

Nikafungua boneti. Alisimama anaangalia muda mrefu. Akanyoosha kidole bila kugusa.

"Hii ndiyo turbo, ile ndogo. Huku chini ndiyo bloku. Pistoni zimo ndani, hazionekani."

"Ndiyo mama."

"Nilidhani nikiisikia nitakasirika. Maana nilikuwa naiona kama mke mwenzangu."

Nikangoja.

"Sijakasirika. Ni nzuri kweli. Natamani tu angeniita."

Malori mawili yakapita, vumbi likatufunika. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akafunga boneti mwenyewe kwa kishindo, akarudi kukaa. Nilipomshusha akanipa kikapu cha karanga, akasema niwapelekee watoto, halafu akaingia ndani bila kugeuka.

Hapo ndipo mambo yalipofikia.

Msingoje niseme mke wangu alirudi. Hakurudi. Nakwenda Mwanza kila mwisho wa mwezi, kwa gari hiyohiyo, na bado nalala gesti. Mara ya mwisho alikaa mbele tukaenda kuwachukua watoto, akauliza turbo inaamka saa ngapi, nikamwonyesha. Akasema, "Mm." Siku nyingine simu zetu zinafika dakika ishirini. Siku nyingine hapokei, na mimi sina haki ya kuuliza kwa nini. Amezoea kuishi bila mimi, na anaishi vizuri. Kulikubali hilo ni kazi ninayoifanya kila siku.

Nilichojifunza ni hiki. Kwenye injini, chagua kipuri kwa barabara yako, si kwa sifa za watu. Pima kabla ya kufunga. Usikwepe kuchonga panapotakiwa kuchongwa.

Na kama una mradi umefunikwa turubai nyumbani kwako, mwite aliye ndani aje uani leo. Usimpe kazi, usimtume spana. Mwambie tu hiki ni nini na unakipendea nini. Mwenyewe atasema kama ameelewa au la. Sisi wengine tulijibu kwa niaba yao.

Karibuni mchangie. Wenye EJ25 turbo wanaokaa sehemu za milima, nambieni mnabadili oil baada ya kilomita ngapi, na joto lenu linasomaje mkipanda.

Na kama yupo mwenye kujua mtu anaanzaje kumbembeleza upya mke ambaye hajamkosea kwa neno lolote, ila kwa kunyamaza, aandike pia. Nitasoma yote. Jioni zangu huku ni ndefu.